Mwangalie Samaki wa Corinne

Wendell,

Kabla hujagusa kahawa, nenda kaangalie tangi. Asubuhi nimemkuta samaki wa binti yetu anahema juu ya maji, mdomo wazi, na chujio la povu, lile linalotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa, halitoi kiputo hata kimoja, kikombe chake cha juu kikavu kabisa. Jana nilikwambia chujio limebadilika mlio, ukanicheka: "Wewe mama, hata friji unaisikia ikikohoa!" Haya. Kimrija cha hewa kilikuwa kimeziba kwa chumvi ya yale maji ya bahari. Nimekizibua kwa maji ya uvuguvugu, nikasugua shingo ya kikombe, na viputo vimerudi, vidogovidogo, hadi maji ndani ya chujio yanaonekana meupe kama maziwa. Samaki ameshuka chini, ila bado anahema.

Povu likija jepesi na kumwagika, shusha kidogo kimo cha maji ndani ya chujio. Ukiosha kikombe, sabuni usiguse, itamuua!

~~Usimlishe.~~ Mlishe chembe chache tu. Akikataa, acha.

Corinne anarudi kutoka jeshini, ndege yake inatua Denver leo jioni. Muda wote huo alipokuwa huko, kila akipiga simu alimuulizia samaki kabla yetu sisi. Akipiga, ~~mwambie mzima~~ mwambie ukweli. Mimi siwezi kumwambia, nitalia tu.

Nipigie kazini, hata kama hakuna jipya.

Mkeo