Nozeli Niliiharibu Mimi, Mkamwana Analaumu Hesabu Yake

Mama mshauri, usiniamkie kwanza, hiyo shikamoo utaifuta ukifika mwisho wa barua, maana mimi mzee wa Genkuru, niliyeishia darasa la nne kwa sababu mwalimu alichoka, nimeshikwa pabaya na mke wa mwanangu, Scola, na si pabaya hapo unapofikiria, ni pabaya pa hesabu. Mume wake yuko mashimoni anatafuta dhahabu kama kila mwenye miguu, kwa hiyo kikundi chetu cha wakulima wa nyanya kilimpa Scola bomba la mgongoni atupulizie wote dawa, nami nikamcheka mbele ya watu, yeye akaleta vikaratasi vya njano vinavyogeuka bluu tone likigusa, vya kupimia dawa inavyotua, akayapa mashina namba, akachanganya namba kwenye sufuria, akaokota thelathini bila kuangalia, ndiyo ayawekee karatasi. Nikamtuma mke wangu Nora, maana kwetu baba mkwe hainamiani na mkamwana kwenye tuta moja, amwambie aweke karatasi kando ya njia kwenye nyanya zilizonona, jibu likarudi: "Mwambie baba, nikichagua nzuri nitakuwa najisifu, sipimi." Nilitaka kupiga makofi, nikakohoa.

Akapima upana wa madoa kwa kioo cha kukuzia, mamia, wastani ukatoka mzuri, nikatangaza ushindi, yeye akakataa, akasema wastani huo unahesabu vichwa tu, kumbe tone pana mara mbili linabeba dawa mara nane, akayapanga kuanzia dogo hadi kubwa akitafuta tone linaloigawa dawa nusu kwa nusu, ikaonekana zaidi ya nusu imo kwenye matone machache manene yanayoteleza kunywesha udongo. Nilielewa hapo hapo, mama, karai la mchanga lina chembe elfu lakini mali imo kwenye mbili!

Sasa ubaya wangu. Kiangazi kilichopita mimi na Masanja, jamaa wa Usukumani aliyekuja kuchimba, tulilichukua bomba hilo kwa siri tukaoshea mchanga wa dhahabu, kichujio kikawa kinaziba tukakitoa, nozeli, kile kidomo cha kutolea dawa, ikaziba nikaizibua kwa msumari, tundu likapanuka, na dhahabu hatukupata hata ya kuziba jino. Scola hajui. Amehesabu mara tatu, anamwambia Nora, "Nimekosea mimi, sina akili ya kazi hii," na Jumamosi anarudisha bomba kwenye kikundi, aache kabisa. Nikisema, nimeaibika. Nikinyamaza, nimemzima mwenye akili kuliko ukoo wetu wote. Nifanyeje?

Mzee Waitara


Mzee Waitara, shikamoo nakupa, ya umri tu.

Umemsifu Scola barua nzima, halafu sifa ukazituma kwangu. Mimi ndiye ninayepulizia nyanya zako? Aliyehesabu mara tatu akapata jibu lile lile hajakosea. Ameshamnasa mwizi, hajui tu jina lake. Jina unalo wewe, umelikalia.

Wala usijifiche kwenye mila. Mila inakukataza kuinamiana naye kwenye tuta, haikukatazi kusimama mkutanoni. Na hili usimtume Nora! Likipita kwake litafika kama utani wako mwingine.

Leo nenda duka la pembejeo, nunua nozeli mpya na kichujio. Ile mbovu usiitupe. Jumamosi fika kikundini kabla ya Scola, na Masanja umkokote, mseme mlichofanya. Wakicheka, wacheke, wewe umewacheka wangapi? Kisha kikundi kimwombe apime kwa maji matupu, karatasi thelathini kwa nozeli mbovu, thelathini kwa mpya. Tofauti ya nozeli ikizidi ile iliyopo kati ya shina na shina, hata mbishi wa kule kijiji cha Susuni atanyamaza.

Akikataa kulibeba tena bomba, ana haki, usimbembeleze kwa vicheko. Ila sidhani kama atakataa. Mwanamke anayepima mamia ya madoa kwa ajili ya nyanya za wazee waliomdharau anasubiri mmoja wao aseme mbele ya watu kwamba hesabu yake ilikuwa sawa.

Kaseme, mzee.