Jembe Nililomwachia Yona

Leeds, Uingereza

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mama anasema sasa unapanda mlima bila mkongojo, nami nimefurahi sana. Mimi ni mzima. Bado nafua mashuka ya hoteli, na baridi nimeizoea kiasi cha kuitania.

Mama aliniambia kwa simu kwamba ukoo utakaa na utamkabidhi Yona shamba langu la mlimani, kwa kuwa siku ya kuondoka nilimpa jembe langu mbele yako. Nilikasirika, sikufichi. Nilisema mmenizika ningali hai.

Jumamosi, kwenye darasa la Kiingereza, mwalimu akaandika ubaoni "presume". Alisema ni neno la maofisini na mahakamani: kuchukulia jambo kuwa kweli kabla hujalithibitisha, kwa sababu dalili zipo. Akataka mifano. Nikanyoosha mkono kwa kujiamini, nikaeleza kwamba kwetu mtu akimkabidhi ndugu yake jembe mbele ya mjomba, ukoo unachukulia kwamba ameliacha shamba. Mwalimu akasema mfano ni mzuri. Nikakaa chini nikiona aibu, maana nilijua desturi hiyo tangu utotoni. Siku ile basi la Morogoro lilikuwa linapiga honi, jembe la Yona limevunjika, nami nikampa langu bila kufikiri. Hamkunionea, Mjomba. Dalili niliwapa mwenyewe.

Lakini mwalimu aliongeza: "Hilo linasimama mpaka mwenyewe ajitokeze aseme vingine."

Basi nasema. Shamba sijaliacha. Mkataba wangu unakwisha mwakani, nami narudi Kilosa kulima. Yona apande mahindi misimu yote miwili na avune ya kwake, sina kinyongo naye. Ila jembe alirudishe kwako, likae juu ya mlango wako hadi nifike. Nimeandika kwa sababu simu inaishia sikioni mwa mtu mmoja. Barua hii isomwe ukoo mzima ukiwa umekaa, Yona akiwepo.

Nisalimie Mama, dada yako asiyeweza kunificha neno. Msalimie dada Neema, mpishi wetu wa Mikumi, na Yona mwenyewe, mtoto wa mama mdogo, tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni.

Mwambie akilileta jembe asilioshe. Nataka nilikute na udongo wake.

Mpwa wako ninayerudi,
Elia