Mkono wa Kushoto wa Baba

Baba,

Tulikuzika Rongo, kando ya Mama, kwa kinanda cha kukodi. Niliyekipiga ni mimi. Nilikoseakosea, watu wakadhani ni machozi.

Leo nimefungua sanduku lako nikaikuta ile santuri. Unakumbuka ulivyoinunua Homa Bay? Muuzaji alikuonyesha neno moja kwenye jalada: "Mzee, si unaona imeandikwa soul? Soul ni nafsi. Hii ni ya kanisa kabisa." Na picha ilikuwa ya mtu ameketi kwenye kinanda. Sabato mchana ukaalika wazee wa kanisa, tukakaa kimya tukingoja mwimbaji aanze. Upande wa kwanza ukaisha. Mwimbaji hakuja. Mguu wa mzee mmoja ulikuwa unacheza chini ya meza, akaukanyaga kwa ule mwingine.

Wao waliondoka wamenuna. Wewe ulinogewa. Baadaye, ukinifundisha kinanda, ulinieleza kwamba muziki ule, jazi ya kinanda, ulitoka kwenye makanisa ya Wamarekani weusi ukaingia baa, na kwamba mpigaji hakuhitaji mtu wa besi kwa sababu mkono wake wa kushoto na miguu vilitosha. Wajuzi wa jazi waliuona rahisi mno, wakauandika pembeni kwenye historia yao. "Nyathina, mwanangu," ulisema, "kanisa hawautaki kwa sababu ya baa, na watu wa jazi hawautaki kwa sababu ya kanisa. Basi utakaa kwetu."

Miezi ikapita, mkono wako wa kushoto ukaanza kutembea ndani ya nyimbo za Sabato. Watu waliimba kuliko zamani. Hakuna aliyejua ulikoutoa ila mimi, na mimi ndiye niliyekwenda kumwambia mzee wa kanisa kwamba umetoka kwenye ile santuri, muziki wa baa. Hilo hukulijua. Nilikitaka kiti chako cha mpiga kinanda kanisani, Baba. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Kura ikapigwa uondolewe. Ulikuwa umeketi mbele, ukageuka kuangalia mikono. Wangu ulikuwa juu.

Hukugusa kinanda tena. Hukunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonimaliza.

Hospitalini, siku ile ya mwisho, vidole vyako vya kushoto vilikuwa vinatembea juu ya blanketi. Muuguzi akauliza kama unatetemeka. Nilivijua vile vidole, na wimbo niliujua, ule wa kwanza upande wa pili wa santuri. Ningeweza kukuimbia sikioni. Nikasema ni baridi. Akaleta blanketi jingine, akakufunika mikono yote miwili.

Pumzika, Baba. Msamaha sikuombi leo. Sabato hii nitapiga wimbo wa kufungulia kwa mkono wako wa kushoto, mwanzo hadi mwisho, kisha nitasimama niwaambie ni nani aliyekushtaki. Wakipiga kura, sitainamisha kichwa. Nitageuka niangalie mikono.

Binti yako,
Akinyi