Mkono Niliounyoosha

Shamba la Ngano,
S.L.P. Katesh,
Hanang.
17 Agosti 1986

Kwa dada yangu mpendwa Genoveva,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua cha baba kimeacha kumbana sasa baridi inapopungua huko Mbulu. Mfikishie shikamoo yangu. Umsomee sehemu utakazoona zinamfaa, nyingine ubaki nazo mwenyewe. Shemeji Tomaso nampa salamu, na mtoto Fabiola pia. Mimi mwili hauna shida.

Huku tunavuna. Kombaini tatu zimelala kwa kukosa vipuri, kwa hiyo sisi madereva wa zile mbili zilizobaki tunashinda juu yake tangu umande unapokauka mpaka jua linapozama. Upepo unashuka kutoka mlimani na kutujaza makapi machoni. Ngano ya mwaka huu ni fupi, mvua ziliishia njiani.

Dada, nimesikia kwamba shemeji aliambiwa kanisani kuwa nimeondolewa kwenye timu ya mbio kwa sababu ya pombe. Mimi sijaanza kunywa. Ni afadhali uyasikie kwangu yalivyokuwa.

Mwezi wa sita tulikwenda Arusha kwenye mbio za kuchagua timu ya mkoa. Katika mita elfu kumi nilikuwa wa pili, nyuma ya askari mmoja. Mwalimu Reginald, yule mtu wa Kilimanjaro anayetufundisha mbio, alinivika koti lake na kuniambia kwamba Novemba nitakwenda Dar es Salaam kukimbia kwa niaba ya mkoa. Siku ile nilitamani mama angekuwa hai.

Wiki mbili baadaye kamati ya michezo ya hapa shambani ilituita wakimbiaji wote kwenye karakana. Mwenyekiti wetu ni mzee Tadei, msimamizi wa mafundi. Alisema kuna maneno yanazunguka kambini kwamba mimi si kama wanaume wengine. Hakusema kwa ukali. Alisema nikanushe tu mbele ya wenzangu, yeye ataifunga habari hiyo na mimi nitakwenda Dar es Salaam kama ilivyopangwa. Wote walikuwa wananitazama, wanasubiri niseme ni uongo ili tukale.

Nilisema ni kweli. Nilisema mimi ni mwanaume ninayependa wanaume, nimekuwa hivyo tangu nilipopata akili, na sijamdhuru mtu. Kisha nikaiomba kamati iandike katika kanuni za timu kwamba mkimbiaji achaguliwe kwa mbio zake na nidhamu yake, na asiulizwe anampenda nani. Nilisema kama saa ya kupimia mbio ndiyo inayotuchagua, basi iachwe ichague.

Mtu mmoja alicheka. Waliokaa nami kwenye benchi walihama, mmoja baada ya mwingine. Mzee Tadei akasema nishukuru kwamba hanipeleki polisi, maana sheria ipo na inajulikana.

Aliyesimama ni Gidabuday. Huyu ni kijana wa Kibarabaig, na hapa tunapolima ngano ng'ombe wa babu yake walikuwa wanachungwa. Alipojiunga na timu, wenzetu walikataa kunywea kikombe chake. Alisema neno moja tu, kwamba nikiondoka mimi na yeye anaondoka. Tukatoka pamoja. Baada ya siku kumi alikuja chumbani kwangu asubuhi, akaniambia kwamba mke wake ana mimba na ametishiwa kazi. Amerudi kwenye timu. Simlaumu, nawe usimlaumu.

Nafasi yangu ya Dar es Salaam amepewa mwingine. Kazi nimeachiwa mpaka mavuno yaishe. Bado nakimbia alfajiri, peke yangu, barabara ya kwenda ziwani. Nimeandika barua mbili kwa ofisi ya michezo ya mkoa, nikaweka jina langu kamili na kueleza hayohayo niliyoyasema kwenye karakana. Hawajajibu. Ya tatu nitaipeleka mwenyewe.

Utaniuliza kwa nini sikunyamaza, maana tangu utoto mimi ni mtu wa kunyamaza. Hili ndilo ambalo sijamwambia mtu.

Unamkumbuka Alfredi, fundi na mkimbiaji mwenzangu niliyekuja naye nyumbani Pasaka ya mwaka juzi, aliyemsaidia baba kuezeka zizi. Ulinisifu kwa kupata rafiki mwenye adabu. Dada, Alfredi hakuwa rafiki tu. Mwezi mmoja baada ya Pasaka ile wenzetu wa timu waliokota barua ndani ya ovaroli yake. Ilikuwa ya mapenzi, na haikuandikwa jina la anayepelekewa, ila maneno yake yalionyesha wazi kwamba ni mwanaume. Walimwuliza ni ya nani, akakataa kusema. Ndipo mzee Tadei akasema asiyetaka kukimbia na mtu huyu anyooshe mkono.

Mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Ile barua alikuwa ameniandikia mimi, naye alijua kwamba ninajua. Walimpakia kwenye lori la ngano siku ileile.

Mwezi wa tano mwaka huu, kabla ya mbio za Arusha, niliomba ruhusa nikamtafuta mpaka Yaeda Chini. Nilimkuta kwa mama yake, Helena, anachoma mkaa. Yule mama alinipa maziwa, hakujua mimi ni nani. Nilimwomba Alfredi msamaha. Aliendelea kufukia tanuru lake mpaka akamaliza, kisha akasema, "Wengine walikuwa wananiangalia mimi. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe." Nilimwuliza kama bado anakimbia. Akasema hapana, akaingia ndani. Nilingoja mpaka jioni, hakutoka.

Kwa hiyo mzee Tadei aliponitaka nikanushe, sikuwa shujaa. Nilishindwa tu kuufanya ule uongo mara ya pili.

Mavuno yataisha mwezi wa tisa, na chumba hiki ni cha kazi. Ninaomba nije nyumbani. Kama haiwezekani, nitaelewa, lakini niandikie wewe mwenyewe, usimtume shemeji. Na kama baba akiuliza habari za Alfredi, maana huwa anamwulizia, usimwambie kwamba hajambo.

Nawasalimu wote wa hapo nyumbani, na majirani watakaokubali salamu zangu. Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako,
Sulle