Kiraka cha Boti ya Shabani

Jumatatu, 4 Novemba
Nasugua tangu asubuhi. Vumbi la faiba linawasha shingo, mikono, mpaka kope. Boti ya Shabani mvuvi imepasuka chini, karibu na moteri. Kazi yangu ya kwanza tangu nirudi kutoka Bujumbura na kufungua karakana hapa Kalundu, kando ya ziwa. Baba mdogo Kashindi, jirani yangu, fundi wa boti za mbao, hakunisalimu. Namchukia. Basi.

Jumatano, 6 Novemba
Baba mdogo anawaambia wavuvi kwamba gundi yangu ni sumu, itafukuza ndagala, samaki wetu wadogo. Na wanaamini! Wapumbavu. Nimebandika kiraka. Nimemwambia Shabani angoje mpaka wiki ijayo.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua usiku. Nimekuta turubai limefunguliwa, kiraka kimelowa. Fundo nilifunga mwenyewe, upepo haufungui fundo. Nilimfuata baba mdogo mbele ya vijana wake.
“Ni weye?”
“Minye niko fundi wa mbao. Mambo ya plastiki yako nitayajulia wapi?”
Wakacheka. Nikamwambia yeye si baba yangu tena. Nimeng'oa kiraka chote. Kuanza upya.

Ijumaa, 8 Novemba
Shabani amekuja na wanaume kuchukua boti. Baba mdogo amemwambia mwanamke kama mimi atamchelewesha mpaka msimu uishe. Kiraka cha jana bado kinanata kidoleni. Nimesimama mbele ya boti. Wamenisukuma, wakaichukua. Goti limechubuka. Sikulia mbele yao. Nimelia sasa.

Jumapili, 10 Novemba
Kiraka cha boti kimefunguka katikati ya ziwa. Shabani na mdogo wake wamerudi wakishikilia bidoni tupu la mafuta. Wazima, Mungu ashukuriwe. Watu wakaja kwangu na mawe. “Muuaji!” Bati limetoboka. Shabani alikuwa kati yao. Nikampigia kelele: “Sema! Sema nilikuambia nini!” Akatazama chini. Kisha: “Alinikataza. Minye nilikataa kusikia.”
Wakaondoka. Hakuna aliyeomba radhi. Hata mmoja.

Jumatano, 13 Novemba
Wavuvi waliivuta boti mpaka ufukweni. Shabani ameirudisha kwangu, akiwa ameinamisha kichwa. Nimepokea. Nahitaji kazi, sihitaji urafiki.
Kiraka kipya kinakauka. Nimeketi kando yake, sifanyi kitu. Ziwa limetulia. Baba mdogo amepita, akasimama, akakohoa.
“Leo jua liko.”
Nikamgeuzia mgongo. Lakini jua lilikuwepo kweli.