Ujumbe wa Mama Uliochelewa Kufika Geita

Dada yangu Kabula, shikamoo.

Mpaka leo watu wananisimamisha sokoni Shinyanga. Nikiuliza tu bei ya dagaa, mwenye meza anainua kichwa: "We mama, si ndiye yule wa kwenye redio?" Nawaambia hapana, yule alikuwa dada yangu, ametangulia. Basi wanataka niwasimulie ulivyokuwa unachekesha. Nawasimulia, wanacheka, naondoka na dagaa wangu. Lakini ipo sehemu ambayo siisimulii, na wewe mwenyewe uliondoka hujaisikia.

Ulikwenda Dar es Salaam kuwa mpiga chapa ofisini, kisha ukatuandikia kwamba jioni unaigiza michezo ya redio. Mwanzoni walikupa vijisehemu: mtoto anayelia, muuguzi, mjane msibani. Uliniandikia jinsi mnavyokanyaga kokoto ndani ya karai ili msikilizaji aone mtu anatembea, nami nikaenda uani kujaribu kwa karai la mama. Halafu wakakupa bibi wa shamba, Mama Masalu, wakakuambia umtafutie sauti. Hukwenda mbali kuitafuta.

Sisi hatukuwa na redio. Jumapili mchana tulikwenda kwa jirani yetu mwenye duka, pale kijijini nje ya Kolandoto, naye akaiweka redio dirishani, watu wakakaa uani. Siku Mama Masalu aliposikika mara ya kwanza, mama yetu alikuwa amekaa mbele kabisa, kajifunga kitenge kipya kwa ajili yako. Redio ikasema: "Habali za watoto? Habali za ng'ombe? Mvua imenyesha huko? Haya, salamu zimekwisha, sasa tugombane!"

Ua mzima uliangua kicheko. Mama naye alicheka. Alicheka kabla hajatambua. Ndivyo alivyokuwa akimfokea baba, ndivyo alivyotufokea sisi: salamu zote kwanza, hadi za ng'ombe, ndipo ugomvi. Wenzake walipogeuka kumtazama, kicheko kikamkatika.

"Mayo wane," mama yangu, alisema taratibu, kama mtu aliyejikwaa. Akainuka, akakung'uta kitenge, akaenda nyumbani peke yake.

Tangu siku ile Mama aliacha kusema Kiswahili. Mjini akifungua mdomo, vijana wa stendi walimjibu kwa sauti yako. Akabaki na Kisukuma chake, na mimi nikawa mdomo wake: dukani, hospitalini, kwa bwana shamba. Wewe ulikuwa unasikika nchi nzima, Dada. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya Mama nikisubiri amalize ili nitafsiri.

Ulipokuja likizo, ulishuka na mfuko wa sukari na viatu vya Mama. Alikuwa anapepeta choroko. Hakusimama.

"Shikamoo, Mama."

Aliendelea kupepeta. Hatimaye akasema kwa Kisukuma: "Umeuchukua mdomo wangu ukawapa watu wauchezee."

"Mama, wanaipenda ile sauti. Wanampenda yule bibi."

"Wakimpenda, mbona mimi wananicheka?"

Ulilala siku mbili badala ya wiki mbili, ukarudi Dar es Salaam ukaacha kuigiza. Nyumbani uliona haya kuja. Ukaenda Geita kwa rafiki yako, mkawa mnawapikia wachimbaji wa dhahabu.

Jumapili nilimwona Mama akisimama kwenye ua wetu wa minyaa, upande wa dukani, akijifanya anachuma mlenda. Alikuwa anasikiliza. Walikuwa wamempa mwingine nafasi yako, naye alimwigiza Mama Masalu kwa kukokota maneno, kama mtu anayemwiga mlevi. Watu walicheka hata zaidi. Mama alisikiliza Jumapili tatu. Ya nne aliniita, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akasema nami Kiswahili:

"Minza, kesho panda gali uende Geita. Mwambie Kabula aludi kwenye ledio. Huyu waliyemweka anatutukana. Kabula alikuwa anasema kama mimi. Huyu anasema kama wale wanaonicheka. Mfikishie hivyo hivyo, usibadilishe neno."

Nilisema sawa, Mama. Dada, sikwenda.

Nilimwambia magari hayapati mafuta, na kweli miaka ile mafuta yalikuwa shida. Lakini malori yalipita; niliyaona. Nikasema tumalize palizi kwanza. Nikasema tuvune pamba kwanza. Kila alipouliza nilikuwa na neno. Moyoni nilikuwa nawaza kwamba akirudi Kabula atapewa kila kitu tena, sauti na mama, na mimi nitabaki yule wa kutafsiri. Nilitaka ukae Geita kidogo. Kidogo tu.

Pamba ilikuwa imeshauzwa siku Mama alipoanguka kisimani. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na ulimi wote. Kesho yake nilipata lori, tena bila shida yoyote. Nililala Kharumwa, nikafika Geita mchana, nikakukuta unawapakulia wachimbaji wali, umekonda, mikono ina masizi. Nilikuambia Mama anaumwa. Kisha nikakupa maneno yake, neno kwa neno.

Uliweka upawa chini. "Alisema kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Lini?"

Nikakujibu: "Juzi, kabla hajaanguka."

Ulilia njia nzima nyuma ya lori, lakini ulikuwa unalia kama mtu aliyepewa kitu.

Ulimkuta hawezi kusema. Majirani walipoingia kumjulia hali, wewe ndiye uliyewajibu, umekaa kitandani pake, kwa sauti yake: habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, sasa tugombane, mbona mmechelewa kuja kunitazama? Mama alipigapiga godoro kwa mkono wake mzima, machozi yakimtoka, nusu ya uso ikicheka. Usiku huo wewe ulilala. Mimi nilikaa naye, nikauona mdomo wake ukihangaika na neno lililokataa kutoka. Lilikuwa lako. Alikuwa na msimu mzima wa kukuambia kwa ulimi wake, nami nikaula.

Tulimzika wiki iliyofuata. Ulirudi redioni, na Mama Masalu wako wa pili hakuwa wa kuchekesha tu. Watu wa kwetu waliacha kuona haya kusema kwa lafudhi waliyozaliwa nayo. Uliigiza mpaka maradhi yalipokuzidi. Nawe tukakuleta kando yake.

Siku ya maziko ya Mama ulinishika mikono yote miwili mbele za watu ukasema, "Minza, Mungu akubariki. Ungechelewa, nisingeyapata maneno yake."

Niliitikia amina. Nimekaa na baraka ile miaka yote hii, Dada, na kila ninapoinua kitu kizito naisikia mikononi. Haikuwa yangu. Nairudisha.

Lala salama. Ukiwa na hasira nami, uwe nazo. Ni haki yako.

Mdogo wako uliyenyonya naye ziwa moja,
Minza