Vikapu Vingapi, Mama?

Ndio Wakesho, hiyo programu yako ya kompyuta ya lugha ya C inakwama kwa sababu unayatengea maandishi nafasi kabla hujajua urefu wake. Sisi huku Voi wazima, bibi yako anakusalimia.

Mimi nilikosea hivyo hivyo nilipokuwa napanga mizigo kwenye lori za Mombasa. Nilimkatia mama mmoja wa Ronge nafasi bila kumuuliza, nyanya zake zikafurika juu ya mayai ya jirani.

Mwenzangu Mwakio aliuliza kwanza, "Mama, vikapu vingapi?" Akaongeza kiti cha mama mwenyewe, akahakikisha dereva amekubali, ndipo akapakia. Wateja wangu wote wakahamia kwake. Hata bibi yako alianza kumchekea! Mpaka leo wivu unaniwasha.

Fanya kama yeye: hesabu herufi kwanza, ongeza nafasi moja ya alama ya mwisho, hakikisha kompyuta imekubali, ndipo unakili. Lakini tupatane: mwalimu akiuliza nani alikufundisha, unitaje mimi, na kikapu cha nyanya nakutumia kesho.

Babu yako